Vumbi Jekundu Kwenye Mkanda

Sudi alizikwa Ijumaa, na mimi nilikwenda Magomeni Jumapili kuhani. Nilijiambia naenda kwa adabu tu, maana watu waliouza duka moja, wakala sahani moja, mmoja akifa mwingine haulizwi kama ana nafasi. Wanawake tulikaa ndani juu ya mikeka, wanaume walikuwa nje chini ya turubai, na kati yetu kulikuwa na dirisha la nyavu lisilozuia neno hata moja. Nilikuwa nimeshika kikombe cha tangawizi nilipomsikia mmoja wao akisema, "Jamaa alikuwa na mikono yule. Ile gari ya rimoti iliyokwenda Nairobi aliiunda yeye, kuanzia nati ya kwanza." Mwingine akadakia, "Halafu mwaka ule kulikuwa na binti mmoja anamharibia, mnamkumbuka? Kila Jumapili gari inateleza. Sudi ndiye aliyekuja kuinyoosha." Wakacheka kidogo, kile kicheko cha msibani kinachotokea puani. Binti mwenyewe ni mimi. Nina miaka zaidi ya arobaini sasa, nina karakana yangu ya vifaa vya umeme na watu wanaonisubiri niwape kazi, na nilipokuwa pale mkekani nilihisi masikio yanawaka moto kama ya msichana aliyesimamishwa mbele ya darasa. Najua husemwa kwamba aliyekufa hasemwi. Basi mimi simsemi, nasema aliyoyafanya. Na kama wao wanaruhusiwa kumsimulia kwa uongo, sioni kwa nini mimi nisiruhusiwe kumsimulia kwa kweli.

Habari za kwetu nitaziacha, hazina kazi hapa. Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka ishirini na kidogo, nauza duka la Mama Neema pale Kariakoo, duka refu jembamba kama treni, mbele redio na pasi, nyuma midoli na magari ya rimoti. Sudi alinizidi miaka michache na alinitangulia kazini, na ndiye aliyekuwa akipeleka mizigo kwa wateja wa mjini. Juu ya duka kulikuwa na stoo yenye ngazi ya mbao, dari ya chini, feni moja inayolalamika na dirisha linalotazama paa za mabati za mtaa wa pili. Tulikuwa tunapanda huko mchana kula, mmoja mmoja au wote wawili kama duka limetulia: wali maharage kwenye sahani za plastiki, siku nyingine mihogo ya kukaanga na chachandu, huku kelele za wapiga debe wa viatu zikipanda kutoka chini. Ni ndani ya stoo hiyo tulipolikuta gari. Lilikuja na mzigo, boksi limepondwa pembeni, halikuweza kuuzwa. Halikuwa lile la kuchezea watoto. Lilikuwa gari la mashindano, urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole, magurudumu yote manne yanavuta, mota katikati na mikanda miwili ya mpira yenye meno, mmoja unapeleka nguvu mbele na mmoja nyuma. Mama Neema, mwanamke wa Kilimanjaro asiyependa kitu kilale stoo bure, alilitazama akasema, "Mkiweza kulitengeneza ni lenu wawili. Mkigombana naliuza chuma chakavu."

Tuligawana kazi bila kukaa kikao. Sudi alijua umeme: redio, betri, mota. Mimi nilichukua vyuma, yaani kila kinachozunguka baada ya mota. Sikuwa nimefundishwa na mtu, nilifungua na kufunga mpaka nikaelewa. Kila Jumapili asubuhi klabu ya magari ya rimoti ilikutana Upanga, kwenye maegesho ya jengo moja la ofisi ambalo siku hiyo huwa tupu, wakachora njia kwa chaki na kupanga mabomba ya maji kuwa ukingo wa kona. Walikuwa watu wa kila aina, wafanyabiashara, mafundi simu, wanafunzi wa chuo, daktari mmoja mcheshi. Mwanamke nilikuwa peke yangu. Mwenyekiti alikuwa Bwana Nassoro, mwenye ghorofa Mchafukoge na kampuni ya kuingiza mizigo, mtu wa kanzu safi na sauti ya chini. Nilimwamkia shikamoo, naye alinijibu marahaba bila kunitazama, macho yakiwa kwenye gari. Tulipoanza kukimbia, mimi ndiye niliyeshika rimoti, kwa sababu Sudi mwenyewe alikiri kwamba kona zinamshinda. Mwezi wa pili tukawa tunawaacha watu. Mwezi wa tatu Bwana Nassoro akatangaza kwamba klabu ya Nairobi imealika gari moja na dereva mmoja kutoka Dar mwisho wa mwaka, na watu wakageuka kunitazama mimi. Siku ile nilirudi nyumbani kwa miguu kutoka Upanga, sikutaka kuipunguza furaha kwa kukaa kwenye kiti.

Kisha gari likaanza kuteleza. Ukibana rimoti kutoka kwenye kona, mota inapiga kelele lakini gari haliendi, linasita kama mtu aliyesahau alichotaka kusema, halafu linaruka. Wenzetu walisema betri, wakasema tairi. Mimi nilifanya kama ninavyofanya mpaka leo, nikaanza kwenye ardhi nikapanda kuelekea kwenye mota. Nilichukua rangi ya kucha nikachora mstari mmoja unaopita kwenye tairi na rimu yake, nikaendesha, nikarudi kutazama. Mistari haikuachana, maana yake gundi inashika na tairi halizunguki peke yake. Nikavua magurudumu nikatazama pini zinazoyashikilia, zote zilikuwepo na matundu hayajaliwa. Nikakagua gia ndogo iliyo kwenye mota: skrubu yake imekaa palepale kwenye ubapa wa chuma, haijalegea. Gia kubwa ya plastiki ilikuwa na meno yake yote, na kati ya hizo mbili niliweza kupitisha kipande cha karatasi kwa shida kidogo tu, ndivyo inavyotakiwa. Nikabonyeza mkanda wa nyuma kwa kidole, nikaukuta umelegea na meno yake yamekuwa laini, yameliwa. Mkanda ukilegea hivyo huruka meno, na unausikia, tak tak tak. Nikashangaa, maana mkanda ule ulikuwa mpya. Mwisho nikafika kwenye difu, kile kifaa cha ekseli kinachogawa nguvu kati ya gurudumu la kulia na la kushoto. Ndani yake kuna gololi ndogo za chuma zilizobanwa kati ya pete mbili bapa, na zikibanwa kidogo mno difu inateleza, zikibanwa mno zinachimba pete na kusaga beringi ndogo inayobeba mkazo. Ukishika magurudumu yote mawili ya nyuma kwa nguvu, gia kubwa haitakiwi kuzunguka ukiisukuma kwa kidole gumba. Yangu ilizunguka. Nikaifungua, na pete zilikuwa zimechimbwa mtaro ambao ungehitaji miezi ya Jumapili kuuchimba.

Nilibadilisha pete, gololi, beringi na mkanda. Jumapili ile gari lilikwenda vizuri. Jumapili iliyofuata likateleza tena. Nikabadilisha tena. Likateleza tena. Hivyo ndivyo mwaka ulivyokwenda, na kila mara Sudi alikuwa na jibu lilelile, analitoa kwa upole, kwa sauti ya kaka. "Tatu, mdogo wangu, si kosa lako. Mkono wako hauna nguvu ya kukaza. Au unakaza sana kwa kuogopa. Huwezi kupata kipimo." Mara ya kwanza nilibishana naye. Mara ya pili nilinyamaza. Ikafika siku nikawa nasema mwenyewe kabla yake, "Labda nimekaza vibaya." Upanga nilisikia maneno nyuma yangu, nimeinama kwenye gari, wenye kusema wakidhani kelele za mota zinawafunika: "Mikono ya kike ile, kusuka nywele sawa, difu haiwezi." Na Sudi pale pale, badala ya kumkatiza, akasema, "Mwacheni, anajifunza." Miaka yote hii, neno lile la kunitetea ndilo linaloniuma kuliko la yule aliyenitukana. Yule aliropoka tu. Sudi alijua ukweli, akanitetea kwa uongo uliomfaa.

Ninachotaka kieleweke ni jinsi jambo lenyewe lilivyoingia mpaka mahali ambapo hapakuwa na gari. Nilianza kurudi jikoni kuhakikisha nimefunga gesi, nikitoka narudi tena. Mteja akiniletea pasi nimfungie plagi, nafunga, nafungua, nafunga. Mama Neema alinikuta siku moja nimekaa stoo na bisibisi mkononi, sahani ya wali imepoa, akaniuliza nina nini. Nikamwambia, "Mama, nadhani mimi sina mikono." Akaitazama mikono yangu, akatazama sahani, akasema, "Kula kwanza." Hakuwa mtu wa kubembeleza. Lakini kuanzia siku ile alinipa mimi redio zote zilizorudishwa nitengeneze, na sikuelewa kwa nini.

Kulikuwa na kitu kimoja ambacho kila nikikikumbuka napandwa na hasira upya, kwa sababu kilikuwa mbele ya macho yangu. Nilipokuwa nasafisha mikanda kwa brashi ya meno, kwenye kitambaa cheupe paliangukia vumbi jekundu. Halikuwa jingi, ni kama unga wa pilipili uliomwagika. Maegesho ya Upanga ni lami, vumbi lake jeusi. Nilimwonyesha Sudi. Alikitazama kile kitambaa kwa muda, kisha akasema, "Kutu hiyo. Beringi zinaoza na joto la Bongo." Nikabadilisha beringi zote. Beringi nilizozitoa zilikuwa nyeupe zinang'aa, hazina doa la kutu, na bado nilimwamini yeye kuliko nilichokiona. Jambo jingine: nilikuwa naiacha difu nimeikaza kiasi ninachokijua, na baada ya siku chache naikuta ngumu zaidi. Nikamwuliza. Akasema, "Wewe mwenyewe uliikaza, umesahau. Siku hizi unasahau sana." Na kweli nilikuwa nasahau, kwa sababu nilikuwa silali vizuri, kwa sababu gari lilikuwa linateleza. Ukimzungusha mtu hivyo, hatimaye anazunguka mwenyewe bila kusukumwa.

Mwezi wa kumi Bwana Nassoro alitualika wanachama chakula cha mchana nyumbani kwake Mchafukoge. Sebule ilikuwa na makochi yenye vitambaa vya kufuma na saa ya ukutani inayolia kila robo. Tulikula pilau ya ng'ombe kwenye masinia, kachumbari, ndizi mbivu, juisi ya ukwaju kwenye jagi la kioo. Mimi nilikaa na wanawake wa nyumba upande wa jikoni, na mkewe Bwana Nassoro alinipakulia mara mbili akisema nimekonda. Huko jikoni, wakiwa wanakatakata matikiti, nilimsikia binti mmoja akimwambia mwenzake, "Leo afadhali kumetulia huko juu. Faraji na yule rafiki yake mwenye maboksi wakianza, dari yote inaunguruma." Faraji alikuwa mtoto wa mwisho wa Bwana Nassoro, kijana wa chuo, mpole, gari lake mwenyewe lilikuwa linashika mkia kila Jumapili. Rafiki mwenye maboksi sikumfikiria. Baada ya kula, Faraji akatuita tupande juu ya ghorofa tukapigwe na upepo. Nikapanda pamoja nao. Mlango wa bati ulipofunguliwa nikaona sakafu pana ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu, ile ya barazani, iliyochakaa kwa jua mpaka ukiipitisha kiatu inaacha unga. Na juu ya wekundu ule, mistari myeusi ya tairi ndogo, kona baada ya kona, mingi kiasi kwamba mahali pengine imekuwa kama barabara.

Faraji alisimama karibu nami, amefurahi, hana habari. Akasema, "Dada Tatu, nilitaka nikuulize wewe. Ile gari yenu ikishapata moto, nyuma inaanza kupiga yowe halafu haivuti. Sudi anaikaza tu, lakini mimi naona kukaza hakusaidii." Nikamwuliza, "Wewe umeiendesha lini?" Akanishangaa. "Si kila akileta mzigo huku? Karibu kila wiki. Sudi alisema umechoka na mashindano, umeridhia niende mimi Nairobi. Mimi nikasema lazima nikushukuru, lakini akaniambia nisikuguse kwanza, bado inakuuma." Upepo ulikuwa mkali juu kule. Nilimtazama Sudi upande wa pili wa paa, amesimama na Bwana Nassoro, na Bwana Nassoro amemwekea mkono begani. Niliinama nikapitisha kidole sakafuni, nikakitazama kilivyokuwa chekundu, na nakumbuka kwamba kabla ya hasira kilinijia kitu kama usingizi mzito kunitoka. Sikuwa kichaa. Sikuwa msahaulifu. Mikono yangu ilikuwa mizima mwaka mzima. Hasira ilikuja nilipokuwa nashuka ngazi, na tangu hapo haijaondoka, imebadilisha makazi tu.

Jumatatu nilimsubiri stoo. Alipanda na chapati zake kwenye gazeti, akaniona, akajua. Sikupandisha sauti, duka lilikuwa na wateja. Nikamwambia, "Mzigo wa Mchafukoge ulikuwa unaupeleka na gari langu ndani." Akaweka chapati juu ya boksi. "Gari letu," akasema. Nikamwuliza kwa nini hakunieleza tu kwamba anataka Faraji aendeshe. Akasema ningekataa. Nikamwuliza kwa nini basi hakukiri kwamba ni wao waliolichakaza, kwa nini aniambie mimi ndiye ninayeharibu. Hapo akasema maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo bila kupunguza hata silabi: "Tatu, tuseme ukweli. Nani angempeleka msichana peke yake Nairobi? Wewe ungefika mwisho hapahapa. Mimi Bwana Nassoro ameniahidi kazi ya stoo kwenye kampuni yake. Mimi nina maisha, wewe una mchezo." Nikamjibu, "Nami nilikuwa na maisha, Sudi. Umekaa mwaka mzima unayafungua skrubu moja moja." Alichukua chapati yake akaanza kula. Hicho ndicho alichofanya. Alikula mbele yangu.

Nilimwomba katibu wa klabu nafasi ya kusema kwenye mkutano. Nilipewa, nadhani kwa sababu walidhani nataka kuaga. Nikaweka gari juu ya meza pamoja na kitambaa cheupe. Nikabrashi mikanda mbele yao, vumbi jekundu likaanguka, nikauliza ni nani mwenye sakafu ya rangi ile. Macho ya watu yalikwenda kwa mwenyekiti. Nikashika magurudumu ya nyuma nikamwita yule daktari asukume gia kwa kidole, ikazunguka. Nikaifungua difu, nikawaonyesha mitaro kwenye pete na beringi iliyosagika, nikaeleza kwamba kuteleza kwa namna hii hakutokani na kukaza kidogo, kunatokana na kukaza kupita kiasi na kuendesha mpaka difu inaungua, tena na tena. Kisha nikaiunda upya palepale. Niliweka pete mpya, nikapaka grisi kwa ncha ya kijiti, nikapanga gololi, nikakaza taratibu huku nikiihisi, nikafunga mkanda mpya, nikaubana kwa kidole mpaka ulivyotakiwa. Nikamwita daktari tena asukume gia. Haikuzunguka. Akasema kwa sauti, "Hii imeshika." Nikauonja ushindi ule kwa sekunde chache, kabla mwenyekiti hajasafisha koo.

Bwana Nassoro alisema, "Tatu mwanangu, sasa unataka nini?" Nikamwambia, "Nataka iandikwe na isemwe hapa kwamba gari halikuharibiwa na mimi. Na nataka kuendesha gari nililoliunda." Akatabasamu kwa huruma. Akasema mambo ya klabu ni ya furaha, tusiyakuze. Akasema Sudi ni mtoto wetu, Faraji ni mtoto wetu, na mimi ni mtoto wetu. Akasema jina la Faraji limeshapelekwa Nairobi na si vizuri kubadilisha. Akasema gari ni mashine, mashine huchakaa, tumshukuru Tatu kwa kututengenezea. Mtu mmoja akapiga makofi, na wengine wakafuata, yaani wakanipigia makofi kwa kuwapa gari zima. Kwa maana ndicho nilichokuwa nimefanya. Kwa kutaka kuonyesha kwamba naweza, nilikuwa nimeliweka mezani likiwa bora kuliko lilivyowahi kuwa, na katibu akalichukua akasema litatunzwa na klabu mpaka siku ya safari. Sudi hakuniangalia hata mara moja. Faraji alinifuata mlangoni, macho yamemlowa, akasema, "Dada, wallahi sikujua." Nilimwamini. Alisikitika sana, kisha akaenda Nairobi. Wakarudi na nafasi ya pili, na picha: Faraji ameshika kombe, Sudi kando yake ameshika gari, chini wameandika dereva na fundi. Picha hiyo ndiyo iliyokuwa inazungushwa kwenye simu chini ya turubai siku ile ya msiba.

Nilipomsimulia Mama Neema alisikiliza mpaka mwisho huku akifunga maboksi kwa utepe. Akasema, "Mwanangu, ungeichomoa ile difu ukaondoka nayo mfukoni. Haki yako usiiache juu ya meza ya watu." Kisha akanionyesha chumba kidogo nyuma ya duka, akasema kuanzia mwaka mpya kitakuwa cha matengenezo na mimi ndiye mkuu wake. Sudi alikuwa ameshahamia kwenye kampuni ya Bwana Nassoro. Mwaka uliofuata nilipata gari kuukuu kutoka kwa yule daktari aliyekuwa anahama, lenye mikanda iliyokakamaa na difu iliyolia kama kinu. Nililishughulikia miezi kadhaa, peke yangu, chumba nikikifunga kwa kufuli. Kisha nikarudi Upanga Jumapili moja bila kumwomba mtu ruhusa, nikaliweka kwenye mstari. Nilishika nafasi ya nne. Halikuteleza hata kona moja. Sudi alikuwepo kutazama, amevaa shati la ofisi, akaja akaninyooshea mkono akasema, "Umeendesha vizuri." Nikamwambia mikono yangu ina grisi. Haikuwa na grisi. Hatukusemezana tena zaidi ya salamu za njiani, na miaka ikapita, naye akapanda cheo, akaoa, akawa mtu wa kusikilizwa Magomeni.

Basi Jumapili ile ya msiba niliweka kikombe chini nikaaga. Mke wake, Bi Rehema, alinifuata mpaka barazani, kanga imemfunika mpaka machoni. Tulikuwa hatujawahi kuzungumza zaidi ya habari za asubuhi. Akanishika mkono akasema, "Wewe ndiye Tatu wa Kariakoo. Marehemu alikuwa akikutaja. Alikuwa akisema yeye alimdhulumu binti mmoja zamani, binti mwenye mikono kuliko yeye." Nikamwuliza alianza kusema hivyo lini. Akasema, "Tangu nimeolewa. Nilikuwa namwambia, mpigie basi, namba si unayo. Anasema atapiga." Nje, chini ya turubai, wale wanaume walikuwa wanaendelea na hadithi yao, na mmoja wao alikuwa anaonyesha kwa mikono jinsi Sudi alivyokuwa anakaza difu. Miaka yote ile Sudi alikuwa na ukweli sebuleni kwake, anamwagia mkewe, analala vizuri. Mimi nilikuwa narudi kuhakikisha gesi.

Bi Rehema alikuwa bado ananisubiri, na nilijua neno analolisubiri. Nilimpa pole ya msiba kwa moyo wangu wote, kwa sababu yeye hakunikosea, nikamwambia watoto wakiwa na shida ya shule wasione haya kuja karakana. Kisha nikasimama mbele ya turubai, wanaume wakanyamaza kwa heshima wakidhani naaga. Nikawaambia, "Mimi ndiye yule binti. Ile gari ya Nairobi niliiunda mimi, nati ya kwanza mpaka ya mwisho, na mke wake anajua." Mmoja aliinamisha simu yake yenye picha juu ya paja. Bi Rehema, nyuma yangu barazani, akasema polepole lakini wote wakasikia, "Ni kweli." Nikavaa viatu vyangu nikaondoka. Sikusema nimemsamehe. Aliyepaswa kuniomba alikuwa na namba yangu.